Kumwachia Mungu si Kusamehe

“Nimemwachia Mungu.” Kanisani hakuna kauli inayosifiwa haraka kama hiyo. Mwanakwaya amedhulumiwa fedha za VICOBA, kikundi cha kuweka na kukopa, na mwenzake wa sauti ya pili. Anainamisha kichwa, anasema amemwachia Mungu, nasi tunaitikia amina. Jumapili inayofuata amehama benchi. Baada ya muda kwaya ina kambi mbili, na mdaiwa hajaambiwa neno na mwenye fedha.

Hicho ni kinyongo kilichopakwa mafuta ya upako. Tena tuwe wakweli: wengi tukimwachia Mungu mtu, tunakaa tukisubiri kusikia amepatwa na nini.

Mathayo 18 inasema wazi. Aliyekosewa amwendee mwenzake, wawili peke yao. Akikataa kusikia, achukue shahidi mmoja au wawili. Kanisa ni la mwisho. Sisi tunaanzia kwenye kanisa, tena kwa kisingizio cha ombi la maombi, na mhusika ndiye anayepata habari zake akiwa wa mwisho. Mathayo 5 nayo inamtaka anayejua nduguye ana neno juu yake aiache sadaka madhabahuni, akapatane kwanza. Wote wawili wangetii, wangekutana njiani.

Nitaambiwa kunyamaza ndio unyenyekevu. Basi Paulo alikuwa na kiburi, maana kule Antiokia alimkemea Petro mbele ya watu kwa kujitenga na meza ya waamini wasio Wayahudi. Yeye na Barnaba nao waligombana juu ya Yohana Marko hadi wakatengana. Baadaye Paulo huyo huyo akaagiza aletewe Marko, kwa kuwa anamfaa.

Wala si mambo ya mbali. Uamsho uliovuma kutoka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaingia Uganda, Kenya na Tanganyika, uliwatuma watu wakabishe hodi kwa waliowakosea na kurudisha walivyoiba. Ulikuwa na kasoro zake. Mengine yaliyotubiwa hadharani yangebaki chumbani. Lakini hodi ilipigwa.

Si kila jambo, hata hivyo, ni la kumalizwa sebuleni. Mzee wa kanisa anayempiga mkewe, mwalimu wa Sunday School anayemshika mtoto vibaya: hao ni wa kupelekwa polisi. Mchungaji anayesema “tuyamalize kifamilia” amsindikize mhanga hadi Dawati la Jinsia la polisi, na akae hapo mpaka maelezo yaandikwe.