Picha Si Pambo
Wako wasemao kwamba picha za rangi katika kitabu cha mtoto mdogo ni pambo la gharama. Sivyo hata kidogo. Mtoto wa Tengeru asiyejua herufi husoma picha kwanza: huutambua mgomba, akautaja kwa Kimeru, kisha akajifunza jina lake la Kiswahili. Nyumba yenye dohani, iliyochorwa kwa ajili ya watoto wa Uingereza, itamfunza nini? Nao wachapaji husingizia hasara! Mradi wa Vitabu vya Watoto, ulioanzishwa Dar es Salaam mwaka 1991, ulinunua sehemu ya nakala zao na kuzigawa mashuleni, na vitabu vikatoka. Mlima Meru, wenye zaidi ya mita 4,500, watoto wa Arusha huuona asubuhi mawingu yakiondoka. Vitabuni wautafute wapi?