Dereva, Kipimo na Amana ya Abiria



Wapo wafanyakazi wanaoona kupimwa ulevi kazini kuwa ni kudhalilishwa. Tuyatazame yaliyotokea Marekani. Januari 4, 1987, huko Chase, jimbo la Maryland, treni ya abiria iligonga vichwa vya treni vilivyopita ishara ya kusimama. Watu 16 walifariki. Vipimo vilionesha kuwa waliokuwa wakiviendesha vichwa hivyo walitumia bangi. Mwaka 1991 nchi hiyo ilitunga sheria ya kuwapima marubani, waendesha treni na madereva wa magari makubwa.

Abiria hana uwezo wa kumkagua dereva. Humkabidhi roho yake tu. Hiyo ni amana, na aliyebeba amana hachukii kuulizwa.

Hata hivyo, mwajiri naye asidhulumu. Baadhi ya dawa za kikohozi zina kodeini, nayo huweza kuonekana katika mkojo kama afyuni. Basi jibu la kwanza lisimwachishe mtu kazi: lihakikiwe maabara, mhusika asikilizwe, na siri yake itunzwe. Tena meneja apimwe kama anavyopimwa utingo.

Nasi majumbani tusijifariji kwamba pombe haiingii kwetu. Bangi nayo ni ulevi. Mzazi anayemwona kijana wake akivuta alfajiri kisha akaenda kushika usukani, naye akanyamaza kwa kuchelea riziki ya nyumba, amewahatarisha watoto wa wenzake. Na amzuie leo, kabla hajazuiwa na ajali.