Ukurasa wa mwanafunzi: Vipimo, na alama yenye kugeuka



Finalisti mumoja wa Likasi ametuandikia barua. Anasema anajua formile zote, lakini kila mara wanapomupa hesabu ya maneno, jibu lenye anapata haliko kati ya majibu tano ya karatasi. Ao linakuwa pale, anafurahi, kumbe ni lile lenye liliwekwa kwa kunasa watu. Anaongeza kama wazazi wake walilipa minervali kwa shida, na hawataweza kumulipia mwaka mwengine. Tunamujibu yeye, pamoja na wengine wote wenye kujitayarisha kwa Examen d'État.

Tuanze na vipimo. Wenye kutunga maulizo wanajua vizuri kama mwanafunzi akiona tone na kilo pamoja, atakimbilia kuhesabu. Basi wanahesabu na wao kwa mbio, na lile kosa wanaliweka kati ya majibu tano. Mbele ya kuandika x, andika kwanza pembeni kipimo kimoja tu chenye utatumia mpaka mwisho. Kilo peke yake, ao mita peke yake.

Mufano: kamyo moja ina ruhusa ya kubeba tone 25, haipite pale. Ndani tayari muko vyombo vya kazi vya kilo 1 220. Kila mufuko wa mawe ya shaba una kilo 50. Mifuko ngapi itaingia? Tone 25 ni kilo 25 000. Hesabu ya mifuko tuiite x:

50x + 1 220 ≤ 25 000
50x ≤ 23 780
x ≤ 475,6

Sasa wengi wanazungusha, wanaandika 476, juu walifundishwa kama 0,6 inapanda. Lakini mifuko 476 ni kilo 23 800; ongeza vyombo, utapata 25 020. Kilo 20 zimepita. Jibu ni 475. Hapa alama ≤ ndiyo inaamuru, haiko ile sheria ya kuzungusha. Kama wangekuuliza kamyo ngapi za namna hii zinahitajiwa kwa mifuko 1 000, ungegawanya 1 000 kwa 475, ungepata 2,1, na jibu lingekuwa 3. Mara hii unapanda, juu mifuko yenye kubakia haiwezi kwenda kwa miguu.

Mutego mwengine uko kwa mita za mraba. Mita moja ni santimeta 100, kila mutoto anajua. Lakini 1 m² ni cm² 10 000, na 1 m³ ni cm³ 1 000 000, ni kusema lita 1 000. Hektari moja ni m² 10 000. Chukua kitu cha kwetu: Code minier ya mwaka 2002 inapima udongo wa madini kwa "carré", na carré moja ni hektari 84,955. Angalia ile virgili! Mwenye kutumia vitabu vya Kiingereza vyenye kutoka Zambia anaweza kusoma elfu makumi nane na ine, juu kule virgili inatenga maelfu, na nukta ndiyo inafanya kazi ya virgili yetu. Mashini ya kuhesabu pia inaandika nukta.

Unajuaje kama umesoma vizuri? Jaribu kuona kitu chenyewe na macho. Hektari 84,955 ni m² 849 550. Kama udongo huo ungekuwa mraba sawasawa, kila upande ungekuwa mita 922 hivi, haufike kilometa moja. Kwa hesabu ya kukosea, upande mumoja ungekuwa kilometa 29, karibu safari ya kutoka Lubumbashi mpaka Kipushi. Hiyo kwa carré moja tu? Haiwezekane.

Wazazi, musifikiri haya ni mambo ya masomo tu. Kwa depo wanalipa kufuata teneri. Teneri ya 4 % ni kilo 4 za shaba katika kilo 100, ni kusema kilo 40 katika tone moja. Mifuko 475 ya kilo 50 ni kilo 23 750. Kwa 4 % muko kilo 950 za shaba. Mashini ya muuzishaji ao ya munuzi ikisema 3,2 %, zinakuwa kilo 760. Kilo 190 zimepotea kwa virgili ndogo, na ni chakula cha nyumba nzima. Kitabu cha Mezali, sura ya 11, kinaanza na mambo ya mizani, si bure. Hatusemi mutoto aende kwenye shimo, hapana, pahali pake ni kwa masomo. Lakini mangaribi, karatasi ya depo ikiwa juu ya meza, anaweza kuihesabu pamoja na baba yake.

Tuje kwa alama. Sheria inasema: ukizidisha ao ukigawanya pande zote mbili kwa namba ya chini ya zero, alama inageuka. Wanafunzi wanaishika kwa kichwa bila kujua sababu, ndiyo maana wanaisahau siku ya egzamen.

Fikiri mugodi wa Kipushi. Ulifunguliwa 1924, ukasimama 1993, ukaanza tena kutoa zinki 2024. Kazi yake iko chini kabisa ya udongo. Muntu mumoja akiwa mita 200 chini, mwengenye mita 500, tunasema 200 < 500. Sasa tuite udongo wa juu zero: mumoja yuko kwa −200, mwengine kwa −500. Nani yuko juu zaidi? Wa −200. Basi −200 > −500. Namba ni zilezile, tumezizidisha kwa −1 tu, na alama imegeuka.

Hesabu yenyewe sasa. Paroisse iko na pipa la mazutu la lita 200. Moteri ya umeme inakula lita 3,5 kwa saa, na lazima zibakie lita 25 kwa lazima ya dispanseri. Moteri itumike saa ngapi?

200 − 3,5h ≥ 25
−3,5h ≥ −175
h ≤ 50

Mwenye kusahau kugeuza anaandika h ≥ 50: ni kusema, kwa kulinda mazutu, moteri isizimwe mbele ya saa 50! Weka namba moja ujaribu. Kwa saa 40 inakula lita 140, zinabakia 60: vizuri. Kwa saa 60 ingekula 210, na pipa halina hizo. Majaribio hayo yanakamata dakika moja tu.

Lakini musigeuze ovyo. Wengine wakiona tu alama − pahali popote, wanageuza. Katika 3x ≤ −12 unagawanya kwa 3, yenye iko juu ya zero. Jibu ni x ≤ −4, alama inabakia vile ilikuwa. Na ukihamisha namba upande mwengine kwa kuongeza ao kutosha, pia haigeuke.

Hesabu ya mwezi huu: sitterne ya maji ina urefu wa m 2, upana wa m 1,5 na kina cha cm 80. Imejaa. Nyumba inatumia lita 160 kila siku, na mama anakataza maji yashuke chini ya lita 300. Watatumia maji siku ngapi nzima? Tumeni majibu pamoja na njia yote ya kuhesabu. Namba peke yake hatutaipokea. Jibu litatoka katika gazeti la mwezi ujao.