Samaki yuko miguuni pako

Nenda kwenye lambo lolote la Masasi mwishoni mwa Agosti, kipupwe kikiwa kinaaga na mikorosho imejaa maua, uwatazame wenye mishipi. Kila mmoja atarudi nyuma hatua tatu, azungushe mkono kama mrusha teo, na chubwi lake litatua katikati kabisa ya maji. Halafu atakaa. Saa mbili, saa tatu, akilalamika kwamba lambo limeishiwa.

Halijaishiwa. Amemvuka samaki.

Hii imani kwamba samaki wa maana yuko mbali na yuko chini ni ya pwani, imepanda huku bila kukaguliwa. Mvuvi wa Mikindani ana haki nayo: ana ngalawa, ana mwamba anaoujua, na maji yakitoka ufukwe wake unabaki mchanga mtupu. Anayevua Ruvuma naye ana sababu ya kukaa mbali na ukingo, na sababu hiyo ina meno. Lakini lambo ambalo mtoto wa darasa la tano analiogelea akaenda na kurudi kabla uji haujapoa, lina "mbali" gani?

Sisi tuliotoka Newala tuna udhuru kidogo. Uwanda wetu ni mchanga unaokunywa mvua yote, na kabla ya mabomba bibi zetu waliteremka genge kufuata maji, wakapanda nayo kichwani. Maji ya jasho namna hiyo hayachezewi ndoana. Samaki tulimjua akiwa mkavu, ameshuka kwenye basi. Kwa hiyo tulipohamia Masasi tukapokea elimu ya uvuvi kwa yeyote aliyeisema kwa sauti kubwa.

Yaangalie maji yenyewe. Samaki hana joto lake. Mwili wake hufuata maji aliyomo. Baada ya majuma ya baridi tumbo lake linasaga polepole, na akipata mahali jua lilipopasha maji kidogo atapaendea. Mahali hapo ni ukingoni, penye maji ya magotini, kwa sababu maji machache hushika joto upesi. Wakati huohuo, kule katikati chini, kuna tope jeusi la majani yaliyooza, na uozo hula hewa iliyomo majini. Kambare atavumilia, maana hupanda juu kuvuta pumzi kama wewe na mimi. Perege hana uwezo huo. Sasa wewe umemshushia chakula kwenye chumba alichokihama.

Tena kuna jambo la ndoa. Joto likirudi, dume la perege huja kwenye maji mafupi, akachimba kwa mdomo kiota kama bakuli, akakilinda. Jike hutaga humo, kisha huyafumbata mayai mdomoni na kuondoka nayo, na siku zote za kuyalea hali karibu kitu. Basi anayebaki pale, mwenye hasira na mdomo mtupu, ni dume, na chochote kikipita juu ya kiota chake atakivamia. Hahitaji kutafutwa kwa kamba ya mita thelathini. Anahitaji mtu asimame hatua mbili nyuma ya ukingo, asiruhusu kivuli chake kutangulia majini, asikanyage kwa kishindo, na aitembeze ndoana sambamba na majani.

Wamarekani wana samaki wao, besi mwenye mdomo mpana, ambaye mwaka 1929 aliletwa hadi Ziwa Naivasha nchini Kenya. Huyo naye baridi ikiisha kwao husogea ukingoni kwenye maji mafupi, na dume ndiye huchimba kiota na kukilinda. Si ndugu wa perege wetu, lakini jua ni lilelile.

Na ile habari ya alfajiri pia tuiache, najua nitaudhi wazee wenzangu. Alfajiri ya Agosti ukingo ndio sehemu ya baridi kuliko zote, kwa kuwa maji yaliyoshika joto upesi huliachia upesi. Lala. Kunywa chai. Njoo saa nane mchana, kusi ikiwa imesukuma maji ya juu, yenye uvuguvugu, upande wa kaskazini. Simama hapo. Mvua za kwanza zikianguka ndipo ubadilishe ratiba: kambare hutoka usiku kuingia kwenye nyasi zilizofunikwa na maji ili kutaga, na kumbikumbi wanaoanguka majini ni karamu. Bado ni ukingoni.

Ningewaacha watu na imani yao kama ingeharibu jioni zao tu. Inaharibu lambo. Aliyekwisha kuamini kwamba ukingoni kuna vidagaa visivyo na faida haoni vibaya kuuburuza kwa chandarua, akakomba vifaranga vya perege vilivyojificha majanini. Mwingine anatwanga utupa na kuumwaga palepale, ingawa Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 imekataza sumu. Mwaka unaofuata wote wawili wanarusha katikati na kusema samaki wamekimbilia kwenye kina.

Wiki iliyopita kijana mmoja alisimama karibu nami, fimbo yake mpya, ya kununua. Alirusha mbali mpaka nikamwonea wivu wa bega. Mimi nilikuwa na ufito wa mwanzi na kamba fupi, nikatoa perege wa tatu penye maji yasiyofika magotini. Akashindwa kujizuia.

"Mzee, umepaka nini kwenye chambo?"

"Nyungunyungu mtupu, mjomba. Kama wako."

Akanitazama kama mtu anayefichwa dawa, akarudi nyuma hatua tatu, akarusha tena katikati.