Machicha ya pombe: Protini ipo Nangwa, ila sumukuvu nayo ipo

Pombe ya mahindi au mtama ikishachujwa pale Nangwa, wilayani Hanang, yanabaki machicha. Wengi huwamwagia ng'ombe au nguruwe, basi. Kumbe viwanda vikubwa vya bia duniani vimeshaanza kuyaona kama mali.

Sababu ni rahisi. Chachu hula sukari inayotokana na wanga wa nafaka, protini nyingi inabaki. Machicha ya shayiri yakikaushwa, asilimia 20 hadi 30 ya uzito wake ni protini. AB InBev, inayoimiliki TBL kwa sehemu kubwa tangu 2016, ilianzisha kampuni ya EverGrain kutengeneza protini ya chakula cha watu kutokana na machicha hayo.

Sasa mbona mfugaji wa Nangwa hafaidi machicha ya kiwanda cha bia cha Arusha?

Jibu ni maji. Kwenye kilo 100 za machicha mabichi, kilo 75 hadi 80 ni maji. Kuyasafirisha zaidi ya kilomita 200 ni kuyalipia maji nauli. Halafu siku mbili tatu za joto zinatosha kuyaharibu. Anayefaidi ni mfugaji aliye jirani na kiwanda.

Kwa hiyo fursa ya Nangwa ni machicha ya Nangwa, yale ya akina mama wanaopika pombe. Yakamuliwe, yaanikwe siku hiyohiyo kwenye turubai, tabaka jembamba, yageuzwe mpaka yakauke kabisa. Hapo yanawekeka kwenye gunia hadi kiangazi, majani yakiadimika.

Lakini tusidanganyane. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu Dodoma na Manyara yetu hii, chanzo kikiwa mahindi. Sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Ukipeleka mahindi yenye ukungu kwenye pombe kwa kuwa "hayafai kwa ugali", sumu inamfuata mnywaji, na nyingine inabaki kwenye machicha. Ng'ombe akila, sehemu yake inatokea kwenye maziwa anayokunywa mtoto.

Ndiyo maana kazi ya kwanza hapa si kutafuta mashine. Ni maofisa ugani kuwafikia wapika pombe, siyo wakulima na wafugaji pekee, na kusisitiza nafaka safi na ukaushaji wa haraka.

Na wewe unayenunua machicha, kabla ya kuuliza bei, uliza: mahindi yake yalikuwaje?