Soja, Kagua Begi Langu, Lakini Kagua na la Aliyenitangulia



Unashuka matatu Migori jioni, umechoka, unatafuta chumba. Mbele yako wanaingia watu watano na mabegi yao, soja wa hoteli anawapungia mkono: karibuni, karibuni. Zamu yako ikifika, wewe wa kanzu au wewe wa buibui, tabasamu linakauka. Fungua begi. Unatoka wapi? Leta kitambulisho. Wale watano hakuna aliyewauliza hata jina.

Kama yamekukuta, najua inavyouma. Lakini tusikimbilie kusema kukaguliwa ni kuonewa. Januari 15, 2019 pale DusitD2, Nairobi, waliuawa watu 21, na kati yao walikuwemo vijana wawili Wakenya Wasomali, marafiki, waliokuwa mkahawani kwa chakula cha mchana. Mwaka 2002 hoteli ya Paradise kule Kikambala ililipuliwa, wakafa hata wachezaji ngoma waliokuwa wakiwakaribisha wageni. Mlango wa hoteli unataka mlinzi. Sisi pia tunalala humo ndani.

Swali ni huyo mlinzi anatazama nini. Ali Salim Gichunge, mmoja wa washambuliaji wa DusitD2, alikuwa mtoto wa mwanajeshi. Alikuwa amepanga nyumba Muchatha, Kiambu, na majirani hawakumshuku. Soja anayetafuta kofia na kanzu angempisha mtu kama huyo, tena kwa saluti.

Kumbuka kisa cha Nabii Ibrahim (AS). Walimjia wageni asiowajua, akawaletea ndama wa kuchoma. Hofu ilimwingia pale alipoona mikono yao haigusi chakula. Alianza na karibu, na shaka yake ikatokana na walichofanya. Sura zao hazikumtia wasiwasi.

Na sheria iko wazi. Kifungu cha 27 cha Katiba kinakataza ubaguzi kwa misingi ya dini na hata mavazi, na hakiifungi serikali peke yake, kinamfunga na mwenye hoteli. Kifungu cha 32 kinasema mtu asinyimwe huduma kwa sababu ya dini yake.

Sasa wenye hoteli wa kwetu. Migori inaishi kwa barabara ya Isebania na wasafiri wa Tanzania. Homa Bay ilipokea taifa zima Madaraka ya Juni 1, 2025, na bado inataka wageni zaidi. Ati Mwislamu ni mgeni huku? Nenda Kendu Bay uone misikiti. Hussein Onyango, babu yake Barack Obama, asili yake ni huko.

Tunachoomba si kikubwa. Salamu kwanza, kisha ukaguzi, na uwe wa kila mtu, hata mheshimiwa aliyekuja na gari kubwa. Mwanamke akaguliwe na mwanamke. Mwenye nikabu aonyeshe uso wake kwa mwanamke, pembeni, si mbele ya foleni ya wanaume. Najua gesti ya vyumba kumi haiwezi kuajiri mlinzi wa pili, sawa, lakini yule dada wa mapokezi anaweza kuitwa mara moja. Ni dakika mbili.

Wewe nawe beba kitambulisho. Fungua begi bila kununa. Ukiona umetengwa peke yako, sema kwa adabu: "Kaka, nikague, ila na wengine pia." Usimtukane soja, mshahara wake mdogo, na pengine hakuna aliyewahi kumfundisha kazi hiyo. Mwite meneja. Akikupuuza, andika jina la hoteli, tarehe, saa, na nani alikuwepo, kisha upeleke malalamiko kwa Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu, wana ofisi Kisumu. Andika usiku huohuo kabla hujalala, maana asubuhi utakuwa umeshaanza kusahau nani alisema nini.