Asilimia ya Nini? Hesabu Inayotakiwa Kujulikana Katika Kila Nyumba



Ndugu wazazi, na nyinyi vijana wetu mnaosoma, wiki hii hatuzungumzii funga wala adabu za msikitini. Tunazungumzia hesabu, na hasa ile hesabu ndogo ya asilimia ambayo watoto wetu hufundishwa shuleni, hufanyia mtihani, kisha huisahau kabla hata matokeo hayajatoka. Sisi tunaona kwamba kuisahau hesabu hii kunazigharimu familia zetu hapa Dzaleka, na jamaa zetu wenye shughuli Lilongwe, pesa za kweli na haki za kweli.

Tuanze na jambo ambalo kila mmoja wetu alilisikia. Novemba 2023 Benki Kuu ya Malawi ilishusha thamani ya kwacha. Dola moja iliyokuwa kwacha 1,180 kwa bei rasmi ikawa kwacha 1,700, na ikatangazwa kuwa kwacha imeshushwa kwa asilimia 44. Ukisikia hivyo, akili inakimbilia kusema: basi aliyekuwa na kwacha 100 amebaki na thamani ya 56. Sivyo.

Hiyo 44 imetoka wapi? Toa 1,180 katika 1,700, unapata 520. Gawanya 520 kwa 1,180, unapata 0.44. Hiyo ni asilimia 44 ya bei ya zamani ya dola, yaani dola ndiyo iliyopanda kwa asilimia 44. Sasa mtazame mama aliyeweka akiba yake ya kwacha 118,000 chini ya godoro. Kabla ya siku ile zilikuwa sawa na dola 100. Baada yake zikawa sawa na dola 69 na senti 41. Amepoteza kama asilimia 30.6. Ni 520 ile ile, ila safari hii imegawanywa kwa 1,700. Jirani yake anayetumiwa dola 100 na ndugu aliye Marekani, yeye kwa bei hiyo rasmi alistahili kupokea 170,000 badala ya 118,000. (Bei ya mtaani ilikuwa na mambo yake, tuiache.) Tangazo ni moja, na nyumba mbili za jirani zina namba mbili tofauti, zote sahihi.

Ndiyo maana tunasema swali la kwanza ambalo mtoto wa Kiislamu afundishwe kuuliza anaposikia asilimia ni hili: asilimia ya nini?

Lisikilizeni neno lenyewe. Vitabu vya shule vya Tanzania, katika somo la sehemu, huita namba ya juu kiasi na namba ya chini asili. Asilimia, basi, ni sehemu ambayo asili yake ni mia. Asilimia 25 ni 25 juu ya 100, ukiipunguza ni robo, na ukigawanya moja kwa nne unapata 0.25. Hayo si masomo matatu. Ni mtu mmoja aliyevaa kanzu tatu. Lakini sehemu haiwezi kusimama peke yake. Nusu ya mkate si sawa na nusu ya gunia. Wazee wa pwani waliita sarafu ya senti 50 thumuni, neno lenye maana ya sehemu moja ya nane, na hali senti 50 ni nusu ya shilingi! Jina la sehemu lisipofuatana na kitu chake halitwambii lolote.

Kubadilisha kutoka kanzu moja hadi nyingine ni rahisi, na sisi Waislamu tuna mfano ulio tayari. Zaka ya fedha, ikifika nisabu na kupitiwa na mwaka wa Hijria, ni sehemu moja ya arobaini. Gawanya 1 kwa 40, unapata 0.025. Zidisha kwa 100, unapata asilimia 2.5. Ukitaka kurudi, gawanya 2.5 kwa 100, nukta inasogea hatua mbili kushoto, umerudi kwenye 0.025. Ndivyo ilivyo kwa asilimia yoyote: kwenda kwenye desimali ni kugawanya kwa 100, kurudi ni kuzidisha kwa 100. Mwenye kwacha 4,800,000 atatoa 120,000. Asiye na kikokotoo agawanye kwa 10, apate 480,000, kisha agawanye kwa 4. Mfanyabiashara akiandika 0.25 mahali pa 0.025 atajikuta anadaiwa 1,200,000, na akiandika 0.0025 atatoa 12,000 na kudhani amemaliza haki ya maskini. Sifuri moja tu hiyo. Na mkulima anayetoa moja ya kumi ya mavuno ya mvua, au moja ya ishirini ya shamba alilolimwagilia kwa gharama, anatoa asilimia 10 au asilimia 5, hata kama hajawahi kulitamka neno asilimia maishani mwake.

Hapa kwetu kuna tatizo jingine ambalo vitabu havilitaji. Wazazi wengi wa Dzaleka walisoma Kongo au Burundi kwa Kifaransa. Huko mbili na nusu huandikwa kwa mkato, 2,5, na nukta wengine huitumia kutenga maelfu, 1.700. Watoto wao wanasoma Malawi kwa Kiingereza, ambako 2.5 huandikwa kwa nukta na mkato ndio unaotenga maelfu, 1,700. Baba anamsaidia mwanawe kazi ya nyumbani, anaona 1,700 anasoma moja na sehemu saba za kumi. Mtoto anadhani baba hajui hesabu, na baba anadhani shule ya siku hizi imeharibika. Wote wawili wanajua! Kaeni pamoja dakika kumi, mwandikiane namba zile zile kwa njia zote mbili, na mzitamke kwa Kiswahili: mbili nukta tano, elfu moja mia saba. Kiswahili ndicho kinachotuunganisha hapa, na katika hesabu pia kinatosha kabisa.

Turudi kwenye lile swali letu. Mgao wa chakula katika kambi hii umepunguzwa zaidi ya mara moja katika miaka ya karibuni kwa sababu fedha za wafadhili zimepungua. Tuseme familia inapata 100, ikapunguziwa asilimia 25. Imebaki 75. Baadaye wakaambiwa mgao umeongezwa asilimia 25. Je, wamerudi walipokuwa? Hapana. Asilimia 25 ya 75 ni 18.75, na jumla ni 93.75. Kupungua kulipimwa kwa 100, kuongezeka kumepimwa kwa 75. Ili 75 irudi 100 inahitaji nyongeza ya theluthi moja, yaani asilimia 33 na theluthi. Hakuna aliyedanganya, lakini asiyejua atasema kuna mtu amekula 6.25 zake, na fitina imeanza.

Wenye maduka wanalijua hili kwa uchungu zaidi. Machi 2023 serikali iliagiza wakimbizi waliokuwa wakiishi mijini warudi Dzaleka, na Mei mwaka huo polisi wakaanza kuwakusanya watu Lilongwe. Ni safari ya kilomita 45 hivi tu, lakini kwa mwenye biashara ilikuwa safari ndefu. Fikirini mtu aliyelazimika kuuza bidhaa za kwacha 2,000,000 kwa nusu ya bei. Amepoteza asilimia 50. Mtu mwema akamwambia, usijali ndugu yangu, ukipata faida ya asilimia 50 utakuwa umerudi. Faida ya asilimia 50 juu ya 1,000,000 inamfikisha 1,500,000. Ili arudi alipokuwa anahitaji asilimia 100. Anayetaka kumfariji mwenzake amfariji kwa hesabu sahihi.

Asilimia inaweza pia kupita mia, jambo ambalo wanafunzi wengi hulikataa. Dzaleka ilifunguliwa mwaka 1994 kwa watu kati ya 10,000 na 12,000 hivi. Mwaka 2023 tulikuwa zaidi ya 50,000. Tukichukua 10,000, basi watu 50,000 ni asilimia 500 ya idadi iliyokusudiwa, lakini ongezeko lenyewe ni asilimia 400. Kijana anayetofautisha hayo mawili anaweza kusoma ripoti yoyote bila kutishwa.

Sasa katapila. Kila aliyeishi Malawi anaijua: unakopa kwa mtu wa mtaani, unarudisha na ziada. Riba ni haramu na wote tunalijua hilo. Lakini tunao vijana wanaosema, asilimia 50 si nyingi, ni nusu tu. Waulizeni: asilimia 50 ya nini, na kwa muda gani? Kwacha 20,000 kwa asilimia 50 kila mwezi, ikiwa hukulipa na ziada ikaongezwa kwenye deni, ni 30,000 mwezi wa kwanza, 45,000 wa pili, 67,500 wa tatu, 101,250 wa nne. Kwa sababu kila mwezi ile asilimia inapimwa kwa deni jipya, si kwa 20,000 uliyopokea mkononi. Kijana akiiandika mwenyewe kwa kalamu yake, tunaamini hatahitaji khutba mbili.

Lakini pahala ambapo kutojua kunaumiza kimya kimya ni kwenye mirathi. Surat an-Nisaa imetaja mafungu kwa sehemu: nusu, robo, thumuni, theluthi mbili, theluthi na sudusi. Siku hizi mtu huchukua simu, akageuza kila kitu kuwa asilimia, na kwa kuwa simu imemwonyesha tarakimu nyingi anazikata. Chukueni mfano. Mtu amefariki, deni limelipwa, hakuna wasia, zimebaki kwacha 3,600,000. Ameacha mke, mama, mtoto wa kiume mmoja na wa kike mmoja. Mke ana thumuni, 450,000. Mama ana sudusi, 600,000. Zinabaki 2,550,000, mwana wa kiume 1,700,000 na wa kike 850,000. Sasa aje ami mwenye haraka aseme thumuni ni kama asilimia 12 na sudusi ni kama asilimia 16. Mjane atapewa 432,000 na bibi kizee 576,000. Zimepotea 42,000, na waliopoteza ni wanawake wawili ambao hakuna aliyewapa kalamu.

Thumuni ni asilimia 12.5 kamili, haina sababu ya kukatwa. Sudusi ndiyo yenye matata, kwa kuwa 1 ukigawanya kwa 6 unapata 0.1666 na sita haziishi. Hapo sehemu ina nguvu kuliko desimali na asilimia zote mbili: gawanya mali kwa sita, umemaliza. Kwa maoni yetu hili ndilo ambalo shule haisemi. Inafundisha kubadilisha, haifundishi wakati wa kutobadilisha.

Na wakati mwingine asilimia ndiyo inayofungua macho. Mwanamke amefariki, ameacha mume na dada wawili wa baba na mama mmoja. Mume nusu, dada wawili theluthi mbili. Jumlisha kwa asilimia: 50 na 66.67, inapita 116. Mwanafunzi anaona mara moja kuwa mali haitoshi. Jambo hili lilitokea zama za Sayyidna Umar (Radhiya Allaahu 'anhu), na ufumbuzi wake, unaoitwa 'awl, ni kuifanya mali mafungu saba badala ya sita: mume matatu, dada mawili mawili. Kila mmoja amepungukiwa kwa uwiano ule ule. Al-Khwarizmi wa Baghdad, katika kitabu chake cha aljebra cha karne ya 9, alitenga sehemu nzima kwa hesabu za mirathi. Al-Uqlidisi aliandika kuhusu sehemu za desimali huko Damascus mwaka 952, na al-Kashi, aliyefariki Samarkand mwaka 1429, akazieneza katika kazi zake. Hesabu hii, basi, si ngeni katika nyumba zetu.

Kwa hiyo tunapendekeza madrasa zetu za Jumamosi zitenge nusu saa kwa hesabu za zaka na mirathi, kwa wavulana na wasichana pamoja, na maustadhi wasione haya kumwomba mwalimu wa shule awasaidie. Wapo watakaosema madrasa ni ya Qur'ani tu. Tunawauliza: hizo aya za mafungu mtoto atazifanyia kazi vipi akiwa hajui theluthi ni ngapi katika 90?

Na kwa leo, baada ya chakula cha jioni, mpeni mtoto karatasi. Mama amefariki na kuacha kwacha 1,200,000, mume, mama yake mzazi na watoto wawili wa kiume. Mume ana robo, mama ana sudusi, watoto wanagawana kilichobaki sawa kwa sawa. Mtoto aandike fungu la kila mmoja kwa sehemu, kwa desimali na kwa asilimia, kisha aseme ni mafungu ya nani ambayo hayaandikiki kikamilifu kwa desimali. Akikwama, msimwonyeshe simu. Mwacheni na ile karatasi mpaka aulize mwenyewe: sehemu ya nini?